Kisu na Fuvu: Safari ya Upasuaji wa Ubongo katika Tiba ya Saratani

Jumanne ya tarehe 25 Novemba 1884, katika hospitali ya wagonjwa wa kifafa na kupooza iliyokuwa Regent's Park, London, mpasuaji Rickman Godlee aliweka keekee juu ya fuvu la mkulima wa Kiskoti mwenye umri wa miaka 25. Vitabu vya tiba vinamtaja mgonjwa huyo kwa jina moja tu, Henderson. Miaka mitatu kabla ya hapo, ulimi wake na upande wa kushoto wa uso ulianza kushtuka-shtuka wenyewe. Baadaye mshtuko ukahamia mkononi, mkono ukaishiwa nguvu, kisha kichwa kikawa kinamuuma mfululizo, akawa anatapika na macho yanafifia. Hapakuwa na picha ya kuonyesha kulikoni ndani. Hata eksirei ilikuwa haijagunduliwa. Ilibaki miaka 11.

Aliyeonyesha mahali pa kutoboa alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu, Alexander Hughes Bennett, naye hakuwa na chombo zaidi ya hoja. Mwaka 1870 Wajerumani wawili, Fritsch na Hitzig, walikuwa wamegusa ubongo wa mbwa kwa umeme na kuona miguu ikicheza. David Ferrier wa Uingereza akaendeleza kazi hiyo kwa nyani, akachora ramani: hapa ni uso, hapa mkono, hapa mguu. Bennett aliifuata ramani hiyo akiilinganisha na jinsi mshtuko wa Henderson ulivyosafiri kutoka ulimini hadi mkononi. Akasema uvimbe uko upande wa kulia, kwenye ukanda unaoendesha misuli, na si mkubwa.

Godlee alitoboa matundu, akayaunganisha, akapasua utando. Juu ya ubongo hapakuonekana kitu. Akachanja kidogo, na chini ya uso wa ubongo, kwa kina kisichofika sentimita moja, kisu kikagonga uvimbe mgumu, pale pale alipoonyeshwa. Aliung'oa kwa kidole na kijiko cha chuma, akazuia damu kwa waya uliopashwa moto kwa umeme.

Henderson alizinduka. Mshtuko ulikoma, kichwa kikapoa, kutapika kukaisha. Kisha kidonda kikaoza, na wiki nne baada ya upasuaji akafa kwa homa ya uti wa mgongo. Lilikuwa pigo la aina yake, kwa kuwa Godlee alikuwa mpwa wa Joseph Lister, mtu yule yule aliyewafundisha wapasuaji wa dunia kuua vijidudu kwa dawa. Hata hivyo habari hiyo ilizusha mjadala mrefu kwenye gazeti la The Times, wengine wakiona mlango umefunguka, wengine wakilaani majaribio ya wanyama yaliyoufungua.

Waskoti nao walikuwa na lao la kusema. Miaka mitano kabla ya Henderson, mwaka 1879, William Macewen wa Glasgow alikuwa amempasua msichana wa miaka 14 aliyekuwa na uvimbe juu ya jicho la kushoto, uliotoka kwenye utando unaofunika ubongo. Msichana huyo alipona, akaishi miaka minane mingine, akafa kwa ugonjwa wa figo. Uchunguzi wa maiti haukukuta uvimbe uliorudi.

Mabishano ya nani alikuwa wa kwanza yamejaza kurasa nyingi, lakini jambo zito limo kwenye tofauti ya wagonjwa hao wawili. Uvimbe wa msichana wa Glasgow ulikuwa wa aina ambayo leo inaitwa meninjioma: huota kwenye utando, huusukuma ubongo pembeni, na mara nyingi huweza kutolewa wote. Wa Henderson ulikuwa glaioma. Huo huzaliwa ndani ya ubongo wenyewe, na chembe zake hupenya mbali kuliko jicho la mpasuaji linavyoona. Mwaka 1884 hakuna aliyeijua tofauti hiyo kwa ukamilifu wake. Kuijua kuligharimu miaka mingi na maisha ya watu wengi.

Fundi wa Boston

Kwa muda mrefu upasuaji wa kichwa ulibaki kazi ya kubahatisha. Mpasuaji wa kawaida alifungua fuvu mara moja moja, katikati ya kazi za ngiri na mifupa iliyovunjika, na idadi kubwa ya wagonjwa walifia mezani au siku chache baadaye. Waliomalizwa na damu walikuwa wengi, na waliomalizwa na usaha hawakuwa wachache. Aliyeibadilisha hali hiyo kuliko mtu mwingine yeyote ni Mmarekani Harvey Cushing, aliyeanzia Johns Hopkins, Baltimore, kisha akahamia hospitali ya Peter Bent Brigham, Boston.

Cushing alikuwa mgumu kwa wasaidizi na mpole kwa wagonjwa. Enzi ambazo mpasuaji hodari alisifiwa kwa kumaliza haraka, yeye alikwenda polepole, saa baada ya saa, akiheshimu kila mshipa. Mwaka 1901 alirudi kutoka Italia na mkanda wa kupimia presha, akautumia kufuatilia mgonjwa aliyelala nusu kaputi. Mwaka 1911 alianza kutumia vibanio vidogo vya fedha kufunga mishipa ambayo uzi usingeweza kuifikia.

Bado kulikuwa na uvimbe uliomshinda. Mwishoni mwa Septemba 1926 alilazimika kuacha kazi katikati kwa sababu uvimbe wa mgonjwa mmoja ulijaa mishipa, na damu haikuzuilika. Tarehe 1 Oktoba akamrudisha mgonjwa yule mezani, safari hii akiwa na mwanafizikia William Bovie na mashine yake ya umeme iliyoweza kukata nyama na kugandisha damu kwa wakati mmoja. Chumba kilijaa watazamaji, wakiwemo wageni Wafaransa wenye mafua, wanakohoa na kupiga chafya. Mwanafunzi aliyewekwa tayari kutoa damu alizimia, akaanguka kutoka kitini. Katikati ya vurugu hizo Cushing alikata uvimbe kipande kwa kipande, na mgonjwa akashuka mezani hai. Baada ya hapo aliwaita tena baadhi ya wagonjwa ambao awali aliwafunga bila kumaliza kazi. Hadi leo, katika vyumba vya upasuaji vya Marekani, kifaa hicho huitwa kwa jina la Bovie.

Tarehe 15 Aprili 1931 Cushing alifikisha uvimbe wa ubongo wa 2,000 uliothibitishwa. Vifo vilivyotokana na upasuaji wake vilikuwa vimeshuka chini ya 10 kwa kila wagonjwa 100.

Ila kilichobaki na uzito mkubwa zaidi kwa tiba ya saratani ni daftari lake. Alihifadhi vipande vya uvimbe, picha za wagonjwa, na ubongo wa wengi waliofariki. Mkusanyiko huo uko Chuo Kikuu cha Yale, na tangu 2010 umewekwa mahali watu wanaweza kuuona. Wagonjwa waliotoka hospitali aliwataka waandike barua kila mwaka kumweleza wanaendeleaje. Kwa rekodi hizo, yeye na msaidizi wake Percival Bailey walitoa mwaka 1926 kitabu kilichopanga glaioma kwa aina ya chembe zake, kisha wakalinganisha kila aina na muda ambao wagonjwa waliishi. Mpasuaji alikuwa yule yule, vifaa vile vile, uangalifu ule ule. Lakini wenye aina fulani waliishi miaka, na wenye aina nyingine walikufa katika miezi. Kilichoamua kilikuwa chembe kuliko mkono wa fundi.

Na hata uvimbe usio mkali ulikuwa na subira yake. Jenerali Leonard Wood wa jeshi la Marekani alitolewa meninjioma na Cushing mwaka 1910, akarudi kazini, akaja kuwa gavana mkuu wa Ufilipino. Uvimbe ukarudi. Agosti 1927 alilala tena kwenye meza ya Cushing, na safari hiyo hakunusurika.

Walipojaribu kung'oa yote

Kama glaioma hupenya mbali, kwa nini basi mpasuaji asikate mbali zaidi? Hoja hiyo aliichukua Walter Dandy wa Baltimore, mwanafunzi wa Cushing aliyegeuka kuwa hasimu wake. Dandy alikuwa mbunifu wa hali ya juu. Mwaka 1918 alionyesha kwamba ukiingiza hewa kwenye vyumba vya maji vya ubongo, eksirei huweza kuonyesha umbo lake, na uvimbe unaokisukuma chumba kimojawapo hujifichua. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kuona uvimbe ulipo kabla ya kukata, ingawa mgonjwa aliumwa kichwa kikali mno baada ya kipimo hicho.

Kuanzia 1923 Dandy alifanya jambo ambalo hata leo humshtua anayelisoma: aliondoa nusu nzima ya kulia ya ubongo. Mwaka 1928 alitoa taarifa ya wagonjwa watano wenye glaioma, ambao tayari walikuwa wamepooza upande wa kushoto. Baadhi yao waliamka wakazungumza, wakatambua jamaa zao, wakakumbuka mambo yao. Kwa elimu ya ubongo hayo yalikuwa maajabu. Kwa saratani yalikuwa jibu la mwisho la hoja ya kukata mbali: nusu ya ubongo ilikuwa imeondolewa, na bado ugonjwa ulirudi.

Mwaka huo huo wa 1928, mjini Montreal, swali hilo liliingia nyumbani kwa mpasuaji mwenyewe. Wilder Penfield alimpasua dada yake, Ruth, aliyekuwa na glaioma ya upande wa mbele kulia. Alikata sehemu kubwa sana, lakini kipande kikabaki mahali ambapo hakuthubutu kupagusa. Ruth alipata nafuu, akarudi kwa watoto wake. Penfield baadaye aliandika kisa cha jioni moja, miezi 15 hivi baada ya upasuaji, dada yake alipomwalika chakula. Alipofika, Ruth alikuwa jikoni amechanganyikiwa. Vyakula vyote vilikuwepo, kitu kimoja au viwili viko motoni, saladi haijatengenezwa, nyama haijaanzwa. Mwanamke aliyezoea kuandalia familia nzima alishindwa kujua lianze lipi, lifuate lipi. Alizungumza vizuri, alitembea vizuri, na mgeni asingegundua lolote. Uvimbe ulirudi, Cushing akampasua tena Boston, Ruth akafariki 1931.

Kutokana na msiba huo Penfield alikazana kujenga taasisi ambamo wapasuaji, madaktari wa neva na wanasayansi wangefanya kazi chini ya paa moja. Taasisi ya Neva ya Montreal ilifunguliwa 1934. Humo aliboresha upasuaji wa mgonjwa aliye macho: ngozi inatiwa ganzi, ubongo wenyewe hausikii maumivu, na mpasuaji hugusa sehemu kwa umeme kidogo huku mgonjwa akihesabu au kutaja majina ya vitu. Neno likikwama, mahali hapo panawekewa alama na kisu hakipiti. Mbinu hiyo ilikuzwa kwa ajili ya kifafa, lakini leo hutumika sana kwa uvimbe ulio karibu na sehemu za usemi na mwendo. Swali la thieta lilikuwa limegeuka. Pamoja na kiasi gani kinaweza kutoka, sasa liliulizwa pia mgonjwa atabaki na nini.

Picha, mionzi na hesabu

Tarehe 1 Oktoba 1971, miaka 45 kamili baada ya siku ile ya Bovie, mwanamke mmoja aliyeshukiwa kuwa na uvimbe aliingizwa kichwa kwenye mashine ngeni katika hospitali ya Atkinson Morley, kusini-magharibi mwa London. Aliyeibuni alikuwa Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI. Vipimo vilirekodiwa kwenye kanda za sumaku, vikasafirishwa kwa gari hadi kwenye kompyuta upande mwingine wa jiji. Picha iliporudi, uvimbe ulionekana wazi katika sehemu ya mbele ya ubongo. Mpasuaji alipofungua, akakuta unafanana na picha. Hiyo ndiyo CT-scan ya kwanza ya mgonjwa. Nusu ya hesabu zake zilikuwa zimeshafikiriwa Afrika: Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulitafakari tatizo hilo mwaka 1956 alipokuwa akisimamia mionzi kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobeli ya 1979.

Zurich, Gazi Yaşargil alikuwa ameshaingiza darubini kwenye upasuaji wa ubongo tangu 1967. Sweden, Lars Leksell alipendekeza mwaka 1951 kuelekeza miali mingi ya mionzi kwenye nukta moja ndani ya kichwa bila kufungua fuvu, na mwishoni mwa miaka ya 1960 mashine yake ikaanza kazi. Mpasuaji wa ubongo alikuwa amebuni njia ya kutotumia kisu.

Halafu zikaja hesabu zisizo na huruma. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa wa glaioma kali waliogawanywa kwa bahati nasibu baada ya upasuaji. Waliopata matunzo ya kawaida tu, nusu yao walikuwa wamefariki kabla ya kutimia wiki 15. Kwa waliopata mionzi, muda huo ulifika wiki 35 hivi. Kisu peke yake kilikuwa kimenunua miezi mitatu na kitu. Mionzi ikaizidisha zaidi ya mara mbili. Mwaka 2005 utafiti wa wagonjwa 573 ulioongozwa na Roger Stupp ulionyesha kwamba kidonge cha temozolomaidi kikiongezwa juu ya mionzi, muda wa kati wa kuishi hupanda kutoka miezi 12.1 hadi 14.6, na wanaofika miaka miwili hupanda kutoka takriban 10 hadi 26 katika kila 100.

Mtu anaweza kudhani takwimu hizo zilimweka mpasuaji kando. La hasha. Mionzi na dawa hufanya kazi vizuri zaidi palipobaki kidogo, na wasomi wa fani hii wamezidi kutafuta jinsi ya kuacha kidogo bila kumlemaza mtu. Mwaka 2006 Wajerumani walichapisha matokeo ya dawa ambayo mgonjwa huinywa saa chache kabla ya upasuaji. Chini ya mwanga wa bluu, glaioma kali hung'aa rangi ya waridi. Kwa njia hiyo uvimbe unaoonekana kwenye picha ulitolewa wote kwa wagonjwa 65 katika kila 100, dhidi ya 36 waliopasuliwa kwa mwanga wa kawaida.

Saratani iliyotoka kwingine

Uvimbe mwingi wa saratani unaokutwa kwenye ubongo wa mtu mzima haukuzaliwa humo. Umesafiri kwa damu kutoka kwenye pafu, titi, figo au ngozi. Kwa miaka mingi mgonjwa wa namna hiyo alionekana amekwisha, na kumfungua kichwa kulionekana kumtesa bure.

Mwaka 1990 Roy Patchell wa Kentucky na wenzake walilipima jambo hilo. Wagonjwa waliokuwa na doa moja tu kwenye ubongo waligawanywa: wengine mionzi peke yake, wengine upasuaji kisha mionzi. Waliopasuliwa waliishi wiki 40 kwa kipimo cha kati, wenzao wiki 15, na kwa muda mrefu zaidi waliweza kujihudumia wenyewe. Kuna jambo jingine utafiti huo uliibua, nalo halisemwi vya kutosha. Watu 54 waliingia wakiaminika wana saratani iliyosambaa. Sita kati yao, kinyama cha uvimbe kilipochunguzwa, hawakuwa nayo. Walikuwa na uvimbe wa aina nyingine au uambukizi. Bila kuchukua kinyama wangetibiwa ugonjwa wasiokuwa nao. Afrika Mashariki, ambako kifua kikuu huweza kufanya donge ndani ya ubongo na kimelea cha toksoplazma huacha madoa kwa wenye virusi vya UKIMWI, somo hilo lina uzito maradufu.

Uti wa mgongo una historia yake. Mwaka 1887 Victor Horsley alimtoa Kapteni Gilbey uvimbe uliobana uti wa mgongo. Mtu aliyekuwa amepooza miguu akasimama na kutembea. Uvimbe huo haukuwa saratani, lakini ushindi wake uliwatia wengi moyo. Wapasuaji wakawa wanaondoa mfupa wa nyuma wa pingili kila saratani ilipobana uti. Kufikia miaka ya 1980 tafiti zilionyesha kwamba mgonjwa hapati faida kubwa kuliko mionzi peke yake, na upasuaji huo ukapoteza heshima. Kosa lilikuwa la kifundi. Saratani ya tezi dume au ya titi kwa kawaida huvamia mwili wa pingili, yaani upande wa mbele. Ukiondoa mfupa wa nyuma, ambao ndio ulibaki mzima, unamwacha adui pale alipo na kubomoa nguzo ya mwisho.

Wapasuaji wakabadili njia: wakaufuata uvimbe pale ulipo, wakautoa, wakaimarisha mgongo kwa skrubu na vyuma. Patchell akalipima na hilo. Mwaka 2005 alitangaza matokeo ya wagonjwa 101. Kati ya waliopasuliwa kisha wakapata mionzi, 84 katika kila 100 waliweza kutembea baada ya matibabu. Waliopata mionzi tu walikuwa 57. Wa kwanza waliendelea kutembea kwa siku 122 kwa kipimo cha kati, wa pili siku 13. Miezi minne ya kwenda chooni kwa miguu yako mwenyewe, kwa mtu ambaye saratani yake haitapona, si kitu kidogo.

Kazi nyingine hazina sifa za magazetini. Philadelphia, mwaka 1911, Edward Martin kwa ushauri wa William Spiller alikata nyuzi za uti wa mgongo zinazobeba maumivu, ili mgonjwa mwenye uvimbe apate usingizi. Mwaka 1963 Ayub Ommaya, mpasuaji mzaliwa wa Pakistan aliyefanya kazi Marekani, alibuni kijifuko kinachowekwa chini ya ngozi ya kichwa ili dawa za saratani zipitishwe moja kwa moja kwenye maji ya ubongo. Na maji hayo yakizuiwa njia na uvimbe, mrija wa kuyateremsha tumboni huweza kumwamsha mtu aliyekuwa ameshaanza kupoteza fahamu.

Kisii, Mulago, Nairobi, Muhimbili

Afrika Mashariki ilijua kufungua fuvu kabla ya hospitali. Kwa Wakisii wa Kenya walikuwepo mafundi wa kienyeji, ababari, waliokwangua mfupa wa kichwa cha mtu aliyeumwa baada ya kupigwa au kuanguka. Madaktari waliofanya kazi Kenya miaka ya 1950 na 1960, akiwemo Edward Margetts wa hospitali ya Mathari, waliandika juu yao na kushangaa jinsi wateja wao walivyopona. Ababari walishughulika na mfupa. Ubongo na uvimbe wake havikuwa kazi yao.

Somo kubwa la eneo hili kuhusu saratani na kisu lilitoka Mulago, Kampala. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alichapisha mwaka 1958 habari za watoto waliovimba taya kwa kasi ya kutisha. Baadhi ya watoto wenye saratani hiyo hupooza miguu uvimbe unapobana uti wa mgongo. Burkitt aliona mapema kwamba kisu hakifui dafu. Akajaribu dawa za kemikali zilizokuwa mpya wakati huo, na kuna watoto ambao uvimbe wao uliyeyuka kwa dozi chache. Saratani hiyo leo ina jina lake, na Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa Mulago mwaka 1967 juu ya msingi huo.

Mwaka huo huo daktari Mwitaliano, Renato Ruberti, alifika Nairobi na kuanza upasuaji wa ubongo. Mwaka 1969 Ian Bailey alianzisha kitengo chake Mulago, na muda mfupi baadaye akajiunga naye Jovan Kiryabwire, Mganda wa kwanza kubobea katika fani hiyo. Utawala wa Idi Amin, ulioanza 1971, ukawatawanya wataalamu, na kazi iliyokuwa imeanza kushika mizizi ikarudi nyuma kwa miaka mingi.

Tanzania, kazi hiyo ilikua ndani ya hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, pamoja na upasuaji wa mifupa, na ndiyo maana hadi leo mgonjwa wa uvimbe wa ubongo hupelekwa MOI (Muhimbili Orthopaedic Institute), taasisi ambayo jina lake linataja mifupa. Tangu 2008 taasisi hiyo ina ushirikiano na wapasuaji wa Weill Cornell wa New York, wakiongozwa na Roger Härtl, unaohusisha mafunzo na kubadilishana madaktari. Mbali na Dar es Salaam, hospitali ya Haydom huko Mbulu ilichukua njia nyingine. Mwaka 2006 mpasuaji kutoka Marekani, Dilan Ellegala, alimfundisha daktari msaidizi Emmanuel Mayegga kupasua kichwa. Mayegga naye akamfundisha mwenzake, Emmanuel Nuwas. Jambo hilo lilizua ubishi kuhusu nani anaruhusiwa kushika kisu, na likalazimisha watu kuzungumza juu ya maeneo ambayo hayana bingwa kabisa.

Mgonjwa wa glaioma aliyepasuliwa Muhimbili hajamaliza. Mionzi anaipata Ocean Road, kwenye hospitali iliyojengwa na Wajerumani kati ya 1895 na 1897 kando ya bahari. Taasisi hizo mbili, MOI na Ocean Road, zote zilipewa sheria zake mwaka 1996, kila moja na bodi yake, bajeti yake na foleni yake. Katikati yake kuna maabara, kwa kuwa mionzi haipangwi mpaka kinyama kisomwe. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linataka usomaji huo uende hadi kwenye vinasaba vya uvimbe, mbali zaidi ya kile Percival Bailey alichoweza kukiona kwa darubini. Kwa kawaida mionzi hutakiwa kuanza wiki chache baada ya upasuaji, mara kidonda kinapopona. Kwa familia iliyouza ng'ombe Sumbawanga ili kumleta mgonjwa Dar es Salaam, wiki hizo ni nauli, chumba cha kupanga na chakula cha watu wawili. Wengine hurudi kwao wakiwa na nyuzi zilizopona, kichwa kilichopoa na barua ya rufaa isiyofika Ocean Road, na kwao upasuaji unabaki kile kile walichopata wagonjwa wa kundi la kwanza katika utafiti wa 1978.